Meza ya Fundi: Faili ni Lako, Ufunguo ni wa Nani?

Barua nne za mwezi huu zimetoka Singida, Mombasa, Muheza na Arusha, na zote zimegusa jambo lililonikaa moyoni tangu enzi za steshenari yangu hapa Morogoro. Ya Singida nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenyewe ana haraka, hata kama bado hajajua.

*Shikamoo Mama Fundi. Nina steshenari karibu na stendi, Singida mjini. Kazi inayonilisha ni kadi: za harusi, sendofu, kipaimara, michango, pamoja na ratiba za mazishi. Zote natengeneza kwa Publisher. Nina mafaili ya .pub tangu 2013, nikikadiria hayapungui elfu mbili. Mteja akija namfungulia kadi ya jirani yake, nabadilisha majina na tarehe, nusu saa kazi imekwisha. Juzi kijana mmoja kaniambia Publisher inafutwa. Fundi wangu akacheka, akasema hilo linawahusu wanaolipia, yangu ya kuchakachua itaendelea kupiga kazi. Nimwamini nani? (Mwenye steshenari, Singida)*

Marahaba mwanangu. Kijana amekwambia kweli. Microsoft wametangaza kuwa Publisher, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, inafika mwisho wake Oktoba 2026. Kuanzia hapo, anayelipia Microsoft 365 kwa mwezi au kwa mwaka hafungui tena mafaili ya .pub ndani yake. Aliyenunua toleo la kukaa nalo ataendelea kulitumia, ila halitapata marekebisho yoyote. Kwa hiyo fundi wako naye hakudanganya moja kwa moja: yako haitazimika usiku huo. Itazimika siku kompyuta ikikufia, ukanunua nyingine, na Windows mpya ikaikataa ile programu ya zamani. Siku hiyo hutakuwa na pa kuuliza, maana hukuwahi kuwa mteja wao.

Ngoja nikueleze kwa nini .pub inanitia hofu kuliko mafaili mengine. Fomati ya faili ni namna programu inavyoandika kazi yako kwenye diski. Wewe unaona njiwa, ua la dhahabu na jina la bibi harusi. Diski inaona mfululizo wa namba. Anayejua namba ipi ni njiwa na ipi ni jina ndiye mwenye ufunguo. Fomati ya PDF, kwa mfano, ilianza kama mali ya Adobe mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa kilichoandikwa wazi, yeyote anaweza kutengeneza programu ya kuisoma. Ya .pub haikupata bahati hiyo. Aliyeijua yote ni Publisher peke yake, na Publisher ndiyo inayoondoka.

Kuna watu waliojaribu kuchonga ufunguo wa pili. Wapenzi wa programu huria, yaani zile ambazo yeyote ana ruhusa ya kuzisoma ndani, kuzibadilisha na kuzigawa, walikaa na mafaili ya .pub wakayachambua baiti moja baada ya nyingine, bila mwongozo wowote, mpaka wakaelewa sehemu kubwa. Matunda ya kazi yao yaliingia LibreOffice, mkusanyiko huria wa programu za ofisi, mwaka 2013, toleo la 4.0, na hutozwi hata senti kuyatumia. Nawaheshimu sana watu hao. Lakini usitegemee muujiza. Wiki iliyopita nilichukua kadi moja ya kipaimara ya mwaka 2014 kutoka kwenye flashi yangu ya zamani nikaifungua kwa LibreOffice Draw, sehemu yake ya michoro. Ilifunguka. Rangi zilikuwa zenyewe, kikombe na mkate vilikuwa mahali pake. Ila ile fonti ya mwandiko wa mkono niliyoitumia kwenye jina la mtoto haikuwemo kwenye kompyuta hii, ikawekwa nyingine iliyo pana zaidi. Neno la mwisho la jina likaangukia mstari wa pili na kusukuma "Karibuni nyote" mpaka nyuma ya fremu ya dhahabu. Ilinichukua kama dakika kumi kuirudisha sawa. Zidisha kumi kwa elfu mbili.

Kwa hiyo usihamishe zote. Wewe na mimi tunajua kuwa kwenye kadi elfu mbili kuna miundo labda arobaini, zingine ni majina tu yamebadilishwa. Ichague hiyo arobaini. Kila mmoja ufungue kwenye Publisher hiyo hiyo uliyonayo, angali inafunguka, na uhifadhi PDF yake. Hiyo ndiyo picha ya ushahidi ya jinsi kadi ilivyokuwa. Halafu andika kwenye daftari majina ya fonti ulizotumia, na mafaili ya fonti zenyewe uyaweke kwenye folda moja na kadi. Watu wengi husahau fonti, na fonti ndiyo inayowaumbua. Kisha ufungue ule .pub kwenye Draw, urekebishe ukiwa na PDF pembeni, uhifadhi upya. Miundo miwili kwa siku, ndani ya mwezi umemaliza. Kadi mpya zisizo na kazi ya zamani nyuma yake anza nazo moja kwa moja kwenye Inkscape, programu huria ya kuchorea. Hiyo huhifadhi kazi kwa SVG, ambayo ni maandishi matupu. Hata programu zote za michoro zikifa, ukiifungua kwa Notepad bado utasoma jina la bibi harusi humo ndani.

Utaniuliza, mbona nisihamie Canva kama wenzangu? Tumia ukipenda, kadi zake zinapendeza. Lakini kazi yako itakaa kwenye kompyuta za watu wengine, na siku bando likikata mteja amekusimamia mbele, hata kuiona huioni.

Lililobaki ni hilo la kuchakachua, na hapa sitakulaumu, nitakusimulia. Mwaka 2016 steshenari yangu ilikuwa na kompyuta tatu, zote Windows na Office za kuchakachua. Fundi alikuja na kile kiprogramu cha kuvunja leseni, na kama wafanyavyo wote, kwanza akazima kinga ya virusi, maana kinga isipozimwa haikubali. Nilimwona akiizima. Sikusema kitu, nilikuwa namtolea mteja kopi. Siku kama tano baadaye nikawasha kompyuta ya katikati asubuhi, mafaili yote yamebadilika majina, kila moja lina herufi za ajabu mwishoni, na kwenye skrini kuna tangazo la Kiingereza linalotaka nilipe kwa bitcoin. Mitihani ya shule tatu imekwenda. Kadi zote zimekwenda. Na imekwenda kazi ya mzee mmoja wa Kilosa, kurasa 112, maneno ya mama yake mzazi: nasaha, hadithi za njaa, majina ya mababu na walikozikwa. Alikuwa akija kila Jumanne na daftari, mimi nachapa, yeye anasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mungu alitusitiri, madaftari yalikuwepo. Nilichapa upya usiku, miezi miwili, sikumtoza. Lakini zile sahihisho za kalamu nyekundu tulizoziingiza kwenye kompyuta hazikuwa kwenye madaftari, na nyingine hakuzikumbuka tena. Alipokuja kuchukua kitabu alikisoma pale pale kwenye benchi, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapa mama alisema vingine, ila nimesahau." Mpaka leo sentensi hiyo naisikia.

Huyo fundi wako anayecheka, mwulize kama kinga ya virusi aliizima, na kama aliiwasha tena.

*Assalaam alaykum Bi Fundi. Nina studio ndogo Mombasa, upande wa Kisauni; narekodi kaswida, nyimbo za harusi na mawaidha. Nikitoa kazi leo, kesho iko kwenye flashi za wauza nyimbo na mimi sipati hata shilingi. Nimepiga kelele mpaka nimechoka. Majuzi mwanangu wa kidato cha pili kaniuliza mbele ya wageni: "Baba, na hii programu unayorekodia, uliinunua?" Sikuwa na jibu. Niambie kweli usinifiche: mimi na wale wauza flashi tuna tofauti gani? (Baba wa studio, Kisauni)*

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mshukuru Mungu kwa mtoto huyo.

Kwa sheria, tofauti hamna. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeiweka programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi, kwa hiyo mwandishi wa programu na mtunzi wa kaswida wanakaa mkeka mmoja. Huku kwetu Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inazilinda programu. Tofauti ninayoiona mimi ni moja: muuza flashi anauza jasho lako kama lilivyo, wewe unalitumia jasho la mwenzio kutengeneza jipya. Ni tofauti ya kweli, ila haikutoi kwenye swali la mwanao.

Nimewasikia watu wazima, wacha Mungu, wakisema programu si mbuzi: ukimchukua mbuzi wa jirani, jirani hana mbuzi, ukinakili programu, mwenyewe bado anayo. Hoja hiyo naielewa na siidharau. Lakini kaswida yako nayo si mbuzi. Wimbo ukinakiliwa na wewe bado unao, na bado unaumia, kwa sababu kilichopotea ni kile alichopaswa kukupa msikilizaji kwa kazi yako. Huwezi kuikubali hoja ya mbuzi jikoni na kuikataa sebuleni. Wapo pia wanaosema kampuni zile ni tajiri mno, hazitaumia. Sawa, hazitaumia. Na hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu nadhani kinachotuumiza sisi kiko upande mwingine kabisa.

Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wengi wanaotumia programu yake ya BASIC, ya kuandikia programu nyingine, hawakuilipia. Alikuwa na hasira kama yako. Miaka 22 baadaye, mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alisema juu ya China kwamba watu huko hawalipii programu, lakini maadamu wataiba, afadhali waibe za kwetu. Watazoea kama waraibu, akasema, halafu tutatafuta namna ya kuwadai katika muongo unaofuata. Jiulize kwa nini mtu yule yule alibadilika hivyo. Alikuwa ameelewa kwamba anayetumia programu yako bila kulipa bado anakujengea soko: anajifunza vitufe vyako, anahifadhi kazi zake kwa fomati yako, anawalazimisha wanaofanya kazi naye kuwa na programu hiyo hiyo. Sisi tuliokuwa tukijiona wajanja kwa kupata kila kitu kwa elfu kumi na tano ya fundi ndio tuliowafundisha watoto wetu kwamba kuandika ni Word na kupiga hesabu ni Excel. Mwenye steshenari wa Singida hakulipa kitu kwa Publisher, na sasa anadaiwa mwezi mzima wa kazi.

Na gurudumu lilizunguka tena. Mwaka 2017 taasisi ya hisani ya huyo huyo Gates iligharamia programu ya kuunganisha malipo ya simu kwa ajili ya watu wasio na benki, ikaitoa kama programu huria, kila nchi iichukue na kuitengeneza itakavyo. Jina lake ni Mojaloop, na hiyo "moja" ni moja yetu ya Kiswahili. Nilipolisoma jina hilo nilifurahi.

Sasa studio yako. Kurekodi mawaidha na kuyasafisha, Audacity inatosha. Ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa mwaka 2000, na ni huria. Kwa kaswida yenye dufu, sauti za mbele na waitikiaji kila mmoja kwenye njia yake, itazame Ardour. Ardour nayo ni huria, lakini ukitaka iliyokwisha kuandaliwa tayari kusakinishwa wanaomba malipo kidogo. Walipe, utakuwa na jibu la kumpa mwanao. Utapata tabu wiki mbili za mwanzo, mikono itatafuta vitufe visivyopo. Hilo siwezi kukuondolea.

Ila kabla hujagusa chochote, fungua kila kazi iliyomo kwenye programu yako ya sasa na uitoe njia kwa njia, kila sauti faili lake la WAV, zote zikianzia sekunde ya sifuri. Lile faili la mradi lenyewe linasomwa na programu yake tu. WAV inasomwa na kila kitu. Kama diski haitoshi, tumia FLAC, inapunguza ukubwa bila kupoteza sauti hata chembe. MP3 wape wasikilizaji. Zamani hata MP3 ilikuwa na wenyewe wa kulipwa, mpaka hataza za mwisho, yaani haki za wavumbuzi wake, zilipoisha mwaka 2017. Usiifanye ndiyo nakala yako mama, kwani kilichokatwa humo hakirudi.

*Dada Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa taaluma shule ya msingi, wilaya ya Muheza. Nilifuata ushauri wako nikaweka LibreOffice. Nikituma ratiba ofisini, jedwali linavunjika, safu ya Ijumaa inahamia ukurasa wa pili. Mkubwa wangu kasema niachane na vitu vya bure. Na je, hakuna ya Kiswahili? Walimu wenzangu wanaogopa Kiingereza cha kompyuta. (Mwalimu, Muheza)*

Mwalimu, pole. Safu ya Ijumaa naijua, imenisumbua sana.

Chukua faili lolote la .docx, ulinakili, kisha kwenye ile nakala ubadilishe mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, ulifungue. Utakuta ni mfuko. Ndani yake kuna folda inayoitwa word, na ndani ya word kuna document.xml. Ifungue hiyo na Notepad: kati ya alama nyingi zenye pembe utaona "Hisabati", "Kiswahili", "Mapumziko", maneno yako mwenyewe uliyoyachapa. Ya .odt, ile ya LibreOffice, ni mfuko vile vile, ndani kuna content.xml. Nakuambia ufanye hivyo kwa mkono wako kwa sababu ukishaona hapo huogopi tena.

Mifuko miwili hii ina historia. Ule wa .odt ulikuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Microsoft nao, walioleta .docx na Office 2007, wakapeleka wa kwao, maelezo yenye kurasa zaidi ya 6,000, ukapitishwa mwaka 2008 baada ya mabishano makali. Kurasa 6,000! Mtu wa kuzisoma zote na kuzifuata bila kukosea hata nukta umpate wapi? Ndiyo maana kazi hiyo hiyo ikifunguliwa na programu mbili hutofautiana kidogo, na kidogo hicho kikitosha kuisukuma safu, Ijumaa inahama.

Mara nyingi lakini kosa ni fonti, siyo jedwali. Word ilitumia Calibri kama fonti yake ya kawaida kwa miaka mingi, mpaka 2023. LibreOffice huja na Carlito, iliyochorwa makusudi upana wa kila herufi ulingane na Calibri. Tumia hiyo. Upana wa jedwali uache nafasi kidogo kulia, usilibane mpaka ukingoni. Na kama ofisini wanaisoma tu ratiba, hawaihariri, watumie PDF. Tena LibreOffice inaweza kutoa PDF iliyobeba .odt yako ndani yake: mkubwa wako anaona karatasi isiyotikisika, wewe ukiifungua unahariri kama kawaida. Ukienda kuhifadhi PDF, tafuta kisanduku cha kupachika faili la ODF (ndiyo familia ya hiyo .odt), ukitie alama.

Juu ya Kiswahili, hapa nina donge. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili kuanzia menyu mpaka ujumbe wa makosa. OpenOffice ndiyo mama wa hiyo LibreOffice yako, walitengana 2010. Waliokaa kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe walifanya kazi kubwa, na waliweza kwa sababu moja: programu ilikuwa huria, hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Kwa nini basi hatukuitumia? Kwa sababu mtaani Office ya Kiingereza ya kuchakachua ilikuwa imekwisha kujaa kila kona, nayo haikugharimu kitu. Ya Kiswahili ilikuja kushindana na ya wizi, na bei zao zilikuwa sawa. Ingekuwa kila shule ilazimike kuilipia ile ya Kiingereza, naamini leo walimu wenzako wasingekuwa wanaogopa.

Kazi ya kutafsiri bado iko wazi kwa yeyote. Walimu wa Kiswahili, ambao neno sahihi linawauma likikosewa, ndio hasa wanaohitajika huko.

*Shikamoo Mama. Mimi fundi kompyuta Arusha, miaka 24. Napiga Windows kwa elfu kumi na tano, na Office juu yake. Nikianza kuwawekea watu programu za bure, nitakula nini? (Fundi mdogo, Arusha)*

Marahaba baba. Umeuliza swali la tumbo na nitalijibu hivyo hivyo.

Kwanza tofautisha huru na bure. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa yote mawili, ndiyo maana wenyewe wanazozana mpaka leo. Sisi tunayo mawili, tuyatumie. Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wake wa programu huria wa GNU mwaka 1983, alidai uhuru: wa kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuifungua na kuisoma, kuibadilisha, na kumgawia mwenzio. Hakusema mtu asilipwe. Windows uliyoichakachua ni bure na haiko huru hata kidogo. Huwezi kuisoma, huwezi kuirekebisha, na ukimpa mwenzio unavunja sheria.

Sasa tumbo. Ile elfu kumi na tano hulipwi kwa Windows, mwanangu, kwa sababu Windows si yako kuiuza. Unalipwa kwa saa mbili za kukaa na kompyuta ya mtu. Saa hizo utaendelea kulipwa ukiweka LibreOffice, au Linux, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows. Na ziko kazi kubwa zaidi huko mbele. Takwimu za zahanati zetu, chanjo, wajawazito, malaria, zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kwa miaka mingi kuujenga na kuufanya ufae kwa nchi hii, na hao wanalipwa mishahara. Kenya vijana walitengeneza Ushahidi mwaka 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, kukusanya taarifa za wananchi kwa simu na kuziweka kwenye ramani, wakaiacha huria, ikaenda kutumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Milango hiyo haifungukii anayejua kuvunja leseni peke yake. Inamfungukia aliyewahi kufungua programu akaangalia ndani.

Usianze kwa kuwahubiria wateja. Anayehitaji programu ya kodi au ya uhasibu inayotaka Windows, mwambie anunue halali, umsaidie kuinunua, utoze msaada wako. Anayeandika barua na kutazama picha tu, mwekee LibreOffice, na VLC ya kuchezea video na muziki, hata juu ya Windows aliyonayo. Nusu ya safari itakuwa imekwisha hapo. Mwenye kompyuta ya zamani inayokwama, mwonyeshe Linux kwenye flashi kabla hujafuta chochote, aitumie dakika kumi, aamue mwenyewe.

Mimi natoza mara mbili ya unavyotoza wewe, na watu wanalipa. Siku ya kwanza nahamisha mafaili na kuweka nakala kwenye diski ya nje. Siku ya pili nakaa na mwenye kompyuta, yeye ndiye anayeshika kipanya, mimi mikono mapajani. Halafu baada ya mwezi narudi bila malipo, na swali langu ni lile lile kwa kila mtu: faili gani lilikataa kufunguka?